Wiki Huanza Lini? Historia Fupi ya Malipo ya Saa za Ziada Nchini Marekani

Mswahili akihesabu siku za wiki huanza na Jumamosi. Jina lenyewe linasema: mosi, kisha pili, tatu, nne na tano, ndipo zije Alhamisi na Ijumaa. Kalenda ya ukutani hapa Marekani huanza na Jumapili, na ofisi nyingi huanza hesabu zao Jumatatu. Darasani jambo hili huwa mzaha mdogo, hasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapogundua kwamba Jumatano ni siku ya tano na kwamba Alhamisi, kwa asili yake ya Kiarabu, nayo ni ya tano. Lakini kwa mtu anayelipwa kwa saa, swali la siku ambayo wiki huanza si mzaha. Linaweza kumwongezea au kumpunguzia dola sabini na kitu katika malipo ya kipindi kimoja, bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Tumechagua kuandika habari hii kwa sababu wengi wetu, na wengi zaidi katika jamaa zetu walioko nchini hapa, hulipwa kwa saa: maghalani, hospitalini, katika nyumba za wazee, jikoni na maktabani mwa chuo. Saa hizo huhesabiwa na programu ya mahudhurio. Mtu hugusisha kadi au simu anapoingia na anapotoka, na baada ya wiki mbili hupata hati ya malipo yenye mstari wa saa za kawaida na mstari wa saa za ziada. Kati ya kadi ile na mistari ile kuna mipangilio kadhaa ambayo mtu fulani ofisini aliichagua. Hoja yetu ni kwamba karibu kila mpangilio wa programu hizo ni jibu la ugomvi wa zamani kati ya mwajiri na mfanyakazi. Asiyeijua historia yake atapata tabu kuuliza swali lenye maana pale hesabu inapokwenda kombo.

Kutoka saa nane hadi saa 40

Katika karne ya 19 siku ya kazi katika viwanda vingi vya Marekani ilikuwa ya saa kumi, kumi na mbili au zaidi, siku sita kwa wiki. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa miji mbalimbali waligoma wakidai siku ya saa nane, na Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu cha mgomo huo. Siku tatu baadaye, tarehe 4 Mei, bomu lilirushwa katika mkutano wa hadhara wa Haymarket. Polisi na raia walikufa, na mwaka uliofuata watu wanne wa harakati za wafanyakazi walinyongwa. Sikukuu ya Mei Mosi tunayoijua Tanzania na Kenya ilitokana na madai hayo ya Chicago. Marekani yenyewe husherehekea siku ya wafanyakazi Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Saa nane hazikupatikana kwa mkupuo. Mwaka 1916 Bunge la Marekani lilizipitisha kwa wafanyakazi wa reli. Mwaka 1926 Henry Ford aliwapa wafanyakazi wa viwanda vyake wiki ya siku tano na saa 40. Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi, na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Hapo hoja ilibadilika. Awali wafanyakazi walidai saa chache ili wapumzike; sasa wanasiasa walitaka saa chache ili kazi iliyopo igawanywe kwa watu wengi zaidi. Mwaka 1933 Seneti ilipitisha muswada wa Hugo Black wa wiki ya saa 30, ingawa haukuwa sheria. Kanuni za kazi zilizowekwa mwaka huohuo chini ya serikali ya Roosevelt zilianguka mwaka 1935, Mahakama ya Juu ilipoibatilisha sheria iliyozizaa.

Waziri wa Kazi, Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani, hakuiachia hoja hiyo ife. Tarehe 25 Juni 1938 Rais Roosevelt alitia saini Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi, ambayo wengi humu nchini huitaja kwa herufi FLSA. Ilianza kutumika tarehe 24 Oktoba mwaka huo, ikiwa na kima cha chini cha senti 25 kwa saa na ukomo wa saa 44 kwa wiki. Mwaka uliofuata ukomo ulishuka hadi 42, na Oktoba 1940 ukafika 40. Haujasogea tangu hapo.

Ni muhimu kuielewa sheria hii ilivyo. Haikukataza mtu mzima kufanya kazi zaidi ya saa 40. Ilichofanya ni kuzifanya saa zinazozidi hapo ziwe ghali: kila moja ilipwe mara moja na nusu ya kima cha kawaida. Nusu ile ilikuwa kama faini kwa mwajiri. Ikiwa kazi imezidi, basi aone ni nafuu kumwajiri mtu mwingine kuliko kumchosha yuleyule.

Wiki kama kipimo

Sheria iliposema "zaidi ya saa 40 kwa wiki", ilibidi wiki ifafanuliwe. Kanuni za Wizara ya Kazi zinasema wiki ya kazi ni saa 168 mfululizo, yaani vipindi saba vya saa 24. Inaweza kuanza siku yoyote na saa yoyote atakayochagua mwajiri. Akishachagua, haibadiliki kila zamu inapobadilika. Anaweza kuihamisha ikiwa mabadiliko ni ya kudumu na hayakukusudiwa kukwepa malipo ya ziada.

Tuchukue mfano. Mlezi katika nyumba ya wazee anafanya zamu za mchana za saa 12, Alhamisi hadi Jumatatu, siku tano mfululizo, na hana zamu nyingine siku za jirani. Jumla ni saa 60. Ikiwa wiki ya mwajiri huanza Jumapili, saa 36 zinaangukia wiki ya kwanza na 24 wiki ya pili, na hakuna saa hata moja ya ziada. Ikiwa wiki huanza Jumatatu, saa 48 zinaangukia wiki ya kwanza na 12 ya pili, hivyo zipo saa nane za ziada. Kwa malipo ya dola 18 kwa saa, ile nusu ni dola 9, na mara nane ni dola 72. Ikiwa wiki huanza Alhamisi, saa za ziada ni 20. Hata wiki yetu ya Kiswahili ya kuanzia Jumamosi isingemsaidia: 24 na 36, hakuna ziada. Miili na usingizi ni vilevile katika mifano yote. Kilichobadilika ni mstari uliochorwa kwenye kalenda.

Jambo la pili ni kwamba kila wiki husimama peke yake. Mtu aliyefanya saa 50 wiki hii na 30 wiki ijayo ana saa kumi za ziada, ingawa jumla ya wiki mbili ni 80. Mwajiri hawezi kuchukua wastani. Hapa ndipo programu iliyowekwa vibaya huumiza watu, kwa sababu mshahara hutoka kila wiki mbili na ni rahisi kuielekeza programu ihesabu kwa kipindi cha malipo badala ya wiki. Hata hivyo upo msamaha ambao jamaa zetu wa hospitali na nyumba za wazee wanapaswa kuujua: waajiri wa aina hiyo wanaruhusiwa kutumia kipindi cha siku 14, mradi pawe na makubaliano na mfanyakazi kabla ya kazi kufanyika, na ziada ilipwe kwa kila saa inayozidi nane kwa siku au 80 kwa siku hizo 14. Anayeambiwa "sisi tunahesabu wiki mbili" ana haki ya kuuliza makubaliano hayo yako wapi, na kama saa zinazozidi nane kwa siku nazo zinalipwa.

Msimamo huu kwamba kipimo ni wiki uliwekwa wazi na Mahakama ya Juu mwaka 1942, katika kesi ya karani wa kampuni ya malori aitwaye Missel. Alikuwa akilipwa mshahara usiobadilika kwa wiki, huku saa zake zikipanda na kushuka. Kampuni ilidai kwamba kwa kuwa mshahara ulipita kima cha chini, sheria ilikuwa imetimizwa. Mahakama ilikataa. Sheria ya mwaka 1938 ililenga pia wingi wa saa, hivyo hata anayelipwa vizuri anastahili nyongeza anapovuka ukomo.

Kadi na saa ya ukutani

Hesabu ya saa haiwezi kuwapo bila kifaa cha kuzirekodi, na kifaa hicho ni kikongwe kuliko sheria. Mwaka 1888 Willard Bundy, sonara wa mji wa Auburn, jimbo la New York, alibuni saa ya kurekodi mahudhurio. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wenye namba yake. Alipouingiza, mashine ilichapa namba na wakati kwenye karatasi. Mwaka 1889 ndugu yake Harlow alianzisha kampuni ya kuziuza, huko Binghamton. Miaka michache baadaye Daniel Cooper wa Rochester akaleta mashine iliyochapa juu ya kadi ya mfanyakazi mwenyewe. Kampuni ya akina Bundy iliunganishwa na nyingine mwaka 1900, tena mwaka 1911, na kampuni iliyotokana na miungano hiyo ndiyo iliyochukua jina la IBM mwaka 1924. Si watu wengi wanaojua kwamba mizizi ya jitu hilo la kompyuta imo katika saa za mlangoni mwa kiwanda.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki watalikumbuka neno kipande. Nchini Kenya, kuanzia miaka ya mwanzo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande kilichoandikwa waajiri wake na ujira wake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Mwezi wa mshahara haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikamilika siku zile 30 zilipojazwa, na siku ambayo haikuandikwa haikuhesabiwa. Hatusemi kwamba saa ya Bundy na kipande ni kitu kimoja, kwani kipande kilikuwa pia pingu ya kumzuia mtu asiondoke. Lakini yote mawili yanaonyesha kwamba anayeshika kadi na kuamua kipimo cha muda ndiye anayeamua ujira.

Dakika 56

Ugomvi juu ya kadi hizo ulifika Mahakama ya Juu mwaka 1946, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, jimbo la Michigan. Kiwanda kilihesabu muda kuanzia robo saa inayofuata baada ya mtu kugonga kadi, na kilimaliza kuhesabu kwenye robo saa iliyotangulia kugonga kwake kwa kutoka. Tuutoe mfano uliotajwa katika hukumu kwa saa za Kiswahili. Mtu aligonga kadi saa 12:46 asubuhi, akatoka saa 6:14 mchana, akarudi saa 6:46, na akaondoka saa 10:14 jioni. Kadi zilionyesha saa nane na dakika 56. Aliandikiwa saa nane kamili. Dakika 56 zilitoweka, siku moja tu.

Mahakama haikusema kwamba dakika zote kati ya kugonga kadi na kuanza kazi ni za kulipwa. Ilisema kwamba muda wa lazima wa kutembea ndani ya kiwanda hadi mahali pa kazi ulikuwa kazi. Waajiri walilalamika, madai yakafurika mahakamani, na mwaka 1947 Bunge likatunga sheria iliyoupunguza sana ushindi huo wa muda wa kutembea. Lakini sehemu nyingine ya hukumu ingali hai, na ndiyo yenye faida kwetu. Kutunza kumbukumbu za saa ni wajibu wa mwajiri. Asipozitunza sawasawa, mfanyakazi hanyimwi haki yake kwa kukosa hesabu kamili. Anaweza kuonyesha saa zake kwa makadirio ya busara, na mzigo wa kuyapinga unamwangukia mwajiri.

Kuhusu kukadiria dakika, kanuni za serikali kuu zinaruhusu kusogeza muda hadi dakika tano, sehemu ya kumi ya saa, au robo saa iliyo karibu, ilimradi baada ya muda mrefu mfanyakazi asipunjwe. Programu inayosogeza mbele wakati wa kuingia na kurudisha nyuma wakati wa kutoka, kila siku, inarudia yale ya Mt. Clemens.

Kutoka kadi hadi programu

Mwaka 1977 Mark Ain alianzisha kampuni ya Kronos huko Massachusetts, na mwaka 1979 ikatoa saa ya mahudhurio inayotumia maikroprosesa. Kuanzia hapo mashine haikuchapa tu, ilijumlisha. Kazi ya karani wa mishahara, aliyekuwa akikaa na kalamu na rundo la kadi, ilihamia ndani ya mipangilio. Karani akikosea kadi moja, humpunja mtu mmoja. Mpangilio ukikosewa, huwapunja wote, kila wiki, kimyakimya.

Mipangilio inayohitaji kuangaliwa si mingi. Wa kwanza ni mwanzo wa wiki, tuliokwisha kuueleza. Wa pili ni usiku. Zamu ya usiku wa kuamkia Jumapili, saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi, huvuka usiku wa manane. Ikiwa wiki huanza Jumapili saa 6 kamili za usiku, saa tano ni za wiki iliyopita na saba ni za wiki mpya. Programu nyingi zinaweza kuelekezwa ziuweke muda wote kwenye siku ambayo zamu ilianza. Hilo linafaa kwa ratiba, lakini kwa hesabu ya saa 40 linaweza kuhamisha saa saba kutoka wiki moja kwenda nyingine.

Wa tatu ni kima cha kawaida. Tuseme mtu kafanya saa 30 za mchana kwa dola 16 na saa 20 za usiku kwa dola 18. Jumla ni dola 840 kwa saa 50, yaani wastani wa dola 16.80. Nusu yake ni dola 8.40, na kwa saa kumi za ziada nyongeza ni dola 84. Programu inayochukua dola 16 peke yake hutoa nyongeza ya dola 80. Dola nne si nyingi, lakini kwa wiki 50 ni dola 200, na katika jengo lenye walezi mia moja ni dola 20,000.

Wa nne ni jimbo. California hulipa ziada hata kwa siku: mara moja na nusu baada ya saa nane, mara mbili baada ya saa 12. Tanzania nayo hupima yote mawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na ziada kwa mara moja na nusu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani hupima wiki tu, kwa hiyo programu iliyowekwa kwa jimbo moja haiwezi kunakiliwa tu kwenye tawi la jimbo jingine.

Desemba 2021 shambulio la kimtandao lilizima kwa wiki kadhaa huduma ya Kronos iliyotumiwa na waajiri wengi, zikiwamo hospitali. Wengine walirudia karatasi, na wengine walilipa kwa kunakili malipo ya kipindi kilichopita, hata kwa mtu aliyekuwa amefanya saa nyingi zaidi. Aliyekuwa na daftari lake aliweza kudai tofauti kwa uhakika.

Walioachwa nje

Sheria ya mwaka 1938 haikuwafikia wote. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, na katika majimbo ya kusini wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi. Watumishi wa majumbani waliingizwa mwaka 1974, lakini walezi wa wazee na wagonjwa waliwekwa kando kwa jina la kwamba wanawapa watu "uandamani" tu. Mwaka 2007 Evelyn Coke, mlezi aliyehamia kutoka Jamaika, alishindwa mbele ya Mahakama ya Juu alipodai saa zake za ziada dhidi ya wakala aliyemwajiri. Wizara ya Kazi ilibadilisha kanuni mwaka 2013, na mabadiliko yakaanza kutumika mwaka 2015, walezi walioajiriwa na mawakala wakapata ulinzi. Julai 2025 Wizara hiyohiyo ilipendekeza kuurudisha msamaha wa zamani. Kwa familia nyingi za Waswahili, ambazo mama, shangazi au dada yao analea wazee kwa zamu ndefu, hili si suala la vitabuni.

La kufanya

Wanafunzi wa kigeni wana ukomo mwingine: saa 20 kwa wiki za kazi ndani ya chuo wakati wa masomo. Huo nao hauna wastani. Saa 12 maktabani na kumi jikoni ni 22, hata kama idara mbili zinatumia programu mbili zisizoonana. Ni vema kumuuliza mshauri wa wanafunzi wa kigeni wiki huhesabiwa kuanzia siku gani kabla ya kukubali zamu ya pili.

Kwa wengine wote, kanuni zinamtaka mwajiri awe ameandika siku na saa ambayo wiki ya kazi ya mfanyakazi huanza. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Ni kuomba kuona kilichokwisha kuandikwa. Sheria pia inamkataza mwajiri kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamika kuhusu malipo haya. Lakini dai halisubiri milele: hurudi nyuma miaka miwili, au mitatu ikiwa mwajiri alivunja sheria kwa makusudi.

Chama chetu kina wanachama wanaosoma hesabu, sheria na kompyuta, na wote wanajua Kiswahili. Kumsaidia jirani aliyefika juzi kuisoma hati yake ya malipo, mstari kwa mstari, ni kazi ya nusu saa. Aanze na swali moja: kazini kwenu, wiki huanza lini?